Chuma cha Saruji Wiki ya Kufunga

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kila nikisikia simu yako ikilia hapo mezani kukuambia saa ya kula imefika. Usinune, sikucheki. Umeanza kufunga kula mpaka saa saba mchana, na asubuhi bado unanyanyua vyuma vizito kule gym ya Kondele kama zamani. Juzi umerudi hapa Migosi ukishika ukuta. Nimenyamaza siku mbili, na wewe wajua kimya cha nyanyako hakidumu.

Nilipokuwa msichana wa umri wako nilitupa tufe. Naam, mimi huyuhuyu, na haya magoti! Gym hatukuwa nayo. Tulijaza saruji kwenye mikebe miwili, tukachomeka bomba katikati, ikikauka basi umepata chuma chako. Nilikinyanyua kila asubuhi nyuma ya jiko la nyanya yangu aliyenilea, ambaye sote tulimwita Dani. Mchujo wa timu ya mkoa ulikuwa unakaribia. Wasichana waliochaguliwa waliandikwa kazi, na mimi niliitaka ile kazi kuliko kitu chochote duniani.

Sasa kanisani kwetu ikatangazwa wiki ya maombi: kufunga mpaka saa tisa, maji tu. Nikafunga, maana nilikuwa na neno langu kwa Mungu. Lakini chuma sikupunguza. Hapo ndipo ujinga wangu ulipokaa, kwani niliona kupunguza uzito ni kupunguza imani. Nikasema Mungu atanibeba, nikakifungia chuma tofali moja zaidi kila upande. Mshika mawili moja humponyoka, na mimi liliniponyoka kweli.

Katikati ya wiki nilikiinua chuma mpaka kifuani, dunia ikazunguka. Nilipopata fahamu nilikuwa nimekaa chini, na chuma kimelala juu ya sufuria kubwa ya Dani, ile ya kupikia nyoyo, yaani mahindi na maharagwe yetu ya kuchemsha. Kilikosa mguu wangu kwa kidogo sana. Wasemao asiyesikia la mkuu huvunjika guu hawakukosea. Mimi Mungu alinihurumia tu.

Dani akatoka. Ujue huyu ndiye aliyeongoza maombi ya akina mama, kwa hiyo nilitarajia atanisifu kwa imani. Akaitazama sufuria, akanitazama mimi.

"Yawa! Nani amekutuma umjaribu Mungu na saruji?"

Nikamwambia, huku nalia, naogopa nikipunguza nguvu zitaniisha na timu nitaikosa.

"Mimi nafunga tangu mama yako hajazaliwa," akasema. "Umewahi kuniona wiki ya maombi nikienda shamba la mbali?"

Nikafikiri. Sikuwahi. Wiki hizo alipalilia kunde kando ya nyumba, polepole, jua likishapoa.

"Na lile shamba likakimbia?"

"Halikukimbia, Dani."

"Basi hata mikono yako haitakimbia. Inuka. Saa tisa ikifika ule, na hicho chuma kikae."

Ah, nilinuna mimi! Lakini nilitii. Asubuhi nikawa nanyoosha viungo na kutembea tu. Chuma nikakihamishia jioni, chakula kikishatulia tumboni, bila tofali na mara chache. Dani naye hakuniachia uji mtupu. Ilikuwa omena, wale dagaa wa ziwani, mayai, kunde, na ugali wa kushiba. Wiki ilipokwisha tukarudisha uzito kidogo kidogo. Siku ya mchujo tufe lilitoka mkononi likaenda mpaka mwenyewe nikashangaa. Nikapata timu, nikapata kazi, na kazi hiyo ndiyo iliyomsomesha mama yako.

Kwa hiyo sikukatazi kufunga, wala chuma sikukatazi. Napenda kukuona una mabega kama yangu ya zamani. Ninachokuambia ni kwamba mwili usiokula sawa na jana usiutume kazi sawa na ya jana. Chuma kizito kisogeze kifuate chakula. Saa za njaa fanya kazi nyepesi, na ukila, kula chakula cha kujenga, siyo chai na mandazi. Kichwa kikizunguka, weka chini, hakuna anayekulazimisha. Haraka haraka haina baraka, na nguvu iliyopumzika haijapotea.

Na ile sufuria iliyobonyea ambayo kila ukija likizo kutoka Maseno wanishauri niitupe, ndiyo hiyohiyo ya Dani. Iko mekoni sasa hivi na nyoyo ndani, inakungoja saa saba yako. Nyasaye ogwedhi, mwanangu, Mungu akubariki. Akupe mikono yenye nguvu na sikio la kusikia, na siku moja uwe na mjukuu wa kumnunisha kama ulivyonuna leo.