Sisi Akina Darji

Enzi zetu, mtoto akifika ugenini aliulizwa jina la ukoo kabla hajapewa pa kukaa. Mimi nilijibu "Darji," na watu wakacheka. Shuleni Arua wenzangu walinifuata nyuma wakiimba: "Wewe iko Muhindi gani bila duka?" Niliwarushia mawe, lakini jina sikulikana.

Jina lilitoka kwa Mhindi mmoja aliyekuwa akishona nguo barazani pale Arua. Baba yangu, mtu wa Pajulu, na rafiki yake wa Midia, kule Koboko, walijifunza cherehani kwake wakiwa vijana. Wateja wakawaita wote Darji kama bwana wao. Wahindi walipofukuzwa nchini, yule mzee aliwaachia cherehani mojamoja, na jina likabaki nao. Sisi watoto tukaandikishwa nalo shuleni.

Kila likizo nilipelekwa Midia kwa yule rafiki wa baba. Mpaka leo nikisikia harufu ya pasi ya mkaa, nakumbuka baraza lake. Mimi na binti yake, Zaituni, tuliokota vipande vya vitambaa chini ya cherehani. Mimi nilifunga mpira wa matambara, yeye akaushona usifumuke, na akadai awe wa kwanza kupiga. Alipiga vibaya sana. Tulikula sahani moja, ugali wa muhogo na samaki mkavu aliyeungwa kwa simsim, yaani ufuta, na tulipogombania kichwa cha samaki mama yake alisema, "Mutu na dada yake, hamuna haya?"

Tulipokua, nilimwambia baba nataka kumwoa Zaituni.

Baba hakupiga kelele. Aliweka mkasi chini. "Darji haoi Darji," alisema. "Mhindi alitufanya sisi wawili watoto wake. Yule ni damu yako."

Kwetu watu wa ukoo mmoja hawaoani. Sikubisha. Zaituni alilia siku nyingi, halafu akaolewa Lurujo. Mimi nilioa Pajulu. Mke wangu ni mtu mwema na sina neno baya juu yake. Nasema tu ilivyokuwa.

Wiki iliyopita Zaituni alifariki. Makaburini Lurujo waliita ndugu zake wa kiume washuke kaburini kumpokea. Mtu mmoja akanishika bega. "Wewe ni Darji. Shuka." Nikashuka. Nikampokea, nikamlaza kwa ubavu, nikalegeza fundo la sanda. Sikuwa nimemgusa tangu utoto wetu.

Baadaye tukiwa tumekaa mkekani, aliingia Mhindi anayeuza vitambaa Koboko mjini. Zaituni alikuwa mteja wake, akaja kutoa pole. Aliposikia naitwa Darji, macho yalimtoka.

"Darji? Mimi pia Darji!"

"Basi sisi ni ndugu," nikasema.

"Hapana, mzee. Kwetu kule India fundi ya nguo yote naitwa Darji. Jina ya kazi tu. Mutaa muzima Darji."

Sijui kwa nini niliuliza. "Na mnaoana?"

Akacheka. "Sasa taoa nani? Darji naoa Darji! Mama yangu Darji, bibi yangu Darji. Ukileta bibi ya kabila ingine, baba nafukuza wewe!"

Aliponitazama usoni aliacha kucheka. Watu waliendelea kuzungumza na mimi nikawa sisikii hata neno.

Vijana wa leo wanajuana kwenye simu, na jina la ukoo wanalisoma kwenye kadi ya harusi. Nimewacheka sana. Binti yangu alipoleta mchumba asiyejua hata babu yake aliitwa nani, nilimhoji kama askari wa mpakani, kisha nikamwambia kwamba enzi zetu tuliheshimu ukoo. Ni kweli tuliuheshimu. Ila miaka yote hiyo Wahindi walikuwa wamesharudi, maduka yao yako wazi mchana kutwa, na hakuna hata mmoja wetu aliyeingia kuuliza. Hata mimi.

Mtoto mkubwa wa Zaituni, mtu mzima mwenye mvi, alikuja na birika la maji.

"Mjomba, nawa. Chakula iko tayari."

Aliniita mara mbili. Nikaitika, nikanyoosha mikono.