Nyundo na Feni ya Bafuni

Pigo la kwanza lilinirudia mkononi hadi kwenye meno. Nikaitukana nyundo, nikaupiga ukuta wa bafu tena. Mume wangu alikuwa ameliziba dirisha lililokuwa hapo kwa mikono yake mwenyewe, tofali na plasta, baada ya wezi kupitisha mkono na kuondoka na ndoo na nguo. Sasa nilitaka tundu la feni, ile ya kuvuta hewa na kuitupa nje. Niliinunua ng'ambo ya mpaka, Nakonde, asubuhi ile ile.

Siku iliyotangulia, mama yangu nusura afie humo.

Alikuwa ametoka Iyula kuja kukaa nasi Tunduma kwa sababu ya miguu inayomuuma. Baridi ya huku Juni haina adabu. Mama akafanya kama wanavyofanya wengi: anaingiza jiko la mkaa bafuni, anafunga komeo, anaoga kwenye joto lake. Siku hiyo nilimwita, kimya. Nikamwita tena. Nilichukua mchi wa kinu nikaupiga mlango hadi mbao zikapasuka. Mama alikuwa sakafuni na sabuni kichwani, na jiko pembeni linawaka vizuri tu. Nilimburuta hadi uani kama gunia la mahindi. Alipozinduka alitapika. Jirani akamnywesha maziwa, dawa yetu ya kila sumu, hata ya hewa ya mkaa, na neno la kwanza la mama likawa kuuliza nani kavunja mlango.

Ndiyo maana nilikuwa napiga ukuta. Mume wangu akaingia mbio.

"Mama watoto, nyumba unaibomoa?"

"Naibomoa."

Alinishika mkono wa nyundo. Nilijikwanyua, kiwiko kikampata mdomoni, damu ikamtoka. Tukatazamana, vumbi limetujaa usoni. Sikumwomba radhi, nilikuwa na hasira na kila aliyewahi kushika tofali. Alitema mate mekundu, akaninyang'anya nyundo, akaanza kuubomoa yeye, tena kwa nguvu kuliko mimi.

Jioni fundi umeme alifunga feni, ikanguruma. Nikamwambia mama, "Jiko bafuni basi." Akaitikia, "Haya, mwanangu," kwa upole ambao ungenitia shaka kama ningekuwa na akili.

Haikupita wiki. Nilikuwa nafua uani, nikaona tundu la feni limezibwa. Kanga. Kanga yangu mwenyewe! Niliingia bila kubisha, komeo halikuwa limefungwa. Mama alikuwa ameizima feni, ameiziba, na jiko lipo miguuni pake.

"Linaingiza upepo hilo," akasema.

Nililibeba jiko kwa kitambaa nikalitupa uani. Lilipasuka vipande, makaa yakatawanyika, kuku wakaruka wakipiga kelele. Niliporudi mama alinizaba kibao. Hakuwa amenipiga tangu nilipoanza kuvaa sidiria.

"Unanivunjia jiko langu! Baridi ikiniua utasema nini?"

"Nitasema ulikuwa na feni!" nilipiga kelele, na sauti ikanikatika. "Mama, nilikuburuta. Kichwa chako kilikuwa kinagonga kizingiti. Nilidhani naburuta maiti."

Aliutazama mkono ulionizaba, akaukunja kwenye kanga aliyojifunga. Kisha akaomba maji ya moto zaidi.

Tulipatana hivi: jiko jipya linabaki nje, komeo nimeling'oa kwa nyundo, na mama akiwa bafuni anaimba nyimbo za kanisani, nijue yu mzima. Feni inanguruma, kwa hiyo lazima aimbe kwa nguvu. Nyundo naiweka nyuma ya mlango wa jikoni, ingawa bafu halina tena cha kuvunjwa.

Juzi aliacha kuimba katikati ya ubeti. Sijui niliufikaje mlango ule. Niliusukuma kwa bega, nyundo ikiwa mkononi, nikamkuta amekaa kwenye kigoda, povu kichwani, anatetemeka kwa baridi.

"Nimesahau maneno, mwanangu," akasema. "Niimbie wewe."

Niliweka nyundo chini, nikaimba.