Siku Waliyomfunga Mume Wangu

Mume wangu alirudi kutoka Sumbawanga akiwa Mwislamu, na mimi nikiwa na mimba ya miezi mitano. Alikuwa ameenda mjini kupakia mizigo kwenye malori ya familia moja ya wafanyabiashara. Akakaa nao msimu mzima, akala nao, akasilimu. Kijijini kwetu, upande wa Matai, hakukuwa na Mwislamu hata mmoja. Nchi ilikuwa ya Mwingereza, lakini bwana shauri alikuwa mbali. Aliyetutawala sisi ni kaka mkubwa wa mume wangu, aliyeshika ukoo tangu baba yao afariki.

Mwanzoni hakuna aliyemgusa. Walimwacha tu. Lakini ulezi wetu ulikuwa umekomaa, na ulezi hauvunwi na watu wawili: unapika pombe, unaita majirani, mnavuna pamoja. Mume wangu alisema pombe haitapikwa tena nyumbani kwake. Nikapika togwa isiyolevya, vyungu viwili. Hakuja mtu. Tulivuna peke yetu, na kila nilipoinua mgongo niliwaona watu wamesimama mpakani mwa shamba, wanatutazama bila kusema. Kutazamwa kule kulinitisha kuliko matusi. Ikafika mahali mtu akikohoa njiani, nashtuka.

Nilimsihi aswali ndani. Yeye akanisimulia habari aliyofundishwa mjini, ya mtumwa mmoja wa Makka, katika Waislamu wa kwanza kabisa, aliyelazwa kwenye mchanga wa moto na kuwekewa jiwe kifuani ili aikane dini, naye akawa anarudia jambo moja tu, kwamba Mungu ni mmoja. Nilikasirika. Nilimwambia mtumwa yule hakuwa na mke mjamzito. Akaenda kutawadha.

Ijumaa moja ya kipupwe wakaja, wanaume sita, kaka yake mbele. Walimkuta amesujudu uani. Wakamngoja amalize, jambo ambalo mpaka leo silielewi, kisha wakamfunga kwenye nguzo ya ghala. Kaka yake akamsogezea kibuyu cha pombe mdomoni.

"Kunywa funda moja tu, mdogo wangu, tukufungue."

Akafumba mdomo. Wakamvua shati, wakammwagia pombe yote mwilini, wakamwacha kwenye upepo, wao wakisimama kando. Kwetu Ufipa huhitaji jua kumtesa mtu. Upepo wa majira yale unatosha. Kaka yake akatangaza kwamba atakayeikata kamba ile amemfuata mdogo wake huyo, na hana ndugu tena pale. Alisema hayo akinitazama mimi.

Nilikaa mlangoni. Sitaki kujisingizia ushujaa: nilikaa muda mrefu, nikiwaza nani atanizalisha ikiwa wanawake wote watanikataa. Meno ya mume wangu yaligongana. Midomo ilikuwa imepauka kama majivu, lakini ilikuwa inacheza, na nilijua inasema nini. Kisha ikaacha kucheza. Hapo nikainuka, nikachukua kisu cha kukatia ulezi. Niliikata kamba kwa haraka hata nikamchanja kifundo cha mkono. Hakuna aliyenizuia. Shemeji yangu alisema kwa sauti ya chini, "Basi, umechagua."

"Nimechagua," nikasema, ingawa sikujua bado nimechagua nini.

Siku ya tatu baba yangu alikuja kutoka Msanzi kunichukua. Mume wangu alikuwa amelala, kifua kinambana. Baba alisema hakuniozesha kwa mtu asiye na watu. Nilimjibu kwamba nikiondoka mimi, ndipo atakuwa hana watu. Akaenda zake bila kugusa chakula. Jioni ile nilimwomba mume wangu anifundishe shahada, naye akanitamkia neno kwa neno, katikati ya kikohozi.

Tulihamia Malangali, mjini Sumbawanga, kwenye chumba tulichopewa na wale waliomwajiri. Wanawake wa Kiislamu nisiowajua ndio walionizalisha. Kifua cha mume wangu hakikupona sawasawa. Kila kipupwe kikohozi kilimrudia, mpaka mwisho wake. Kaka yake hakukanyaga kwetu kamwe.

Baba alikuja mtoto alipoanza kukaa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia, akakataa kiti, akauliza jina la mjukuu wake. Nikamtajia jina la Kiislamu. Akalijaribu mara mbili, ulimi wake wa Kifipa ukikwama, kisha akanyoosha mikono nimpe.