Akae Kwenye Laini

Yapo maneno ya Kiingereza yaliyoingia katika Kiswahili kama wageni wa siku mbili, na mpaka leo hayajaaga. Mojawapo ni laini. Lilipobisha hodi lilimkuta laini mwingine ndani, mwenyeji wa siku nyingi, yule wa hariri na shavu la mtoto mchanga. Kwa kuwa Kiswahili hakimfukuzi mtu, wakapangiwa chumba kimoja. Tangu hapo, mtu akisema laini inabidi umtazame usoni ujue anamwita yupi. Kadi ya simu ni laini. Simu ikishika, mko kwenye laini. Foleni nayo wengine huiita laini. Na katika kiwanda kimoja cha mashati, laini ilikuwa safu ya mashine iliyoanza na vipande vya kitambaa na kuishia na shati lililokunjwa. Katikati ya Laini ya Tatu ndipo alipokaa Bi Kola.

Hakuzaliwa na jina hilo. Pale kila mtu aliitwa kwa anachoshona. Kushoto kwake alikaa Bi Mfuko, na mbele kidogo mama mmoja mwenye maneno mengi aitwaye Vifungo, aliyejisifu kwamba hakuna mwanamke duniani aliyewafunga wanaume wengi kama yeye. Bi Kola alishona kola. Zilimjia zimekatwa, zikamtoka zimegeuzwa, basi. Mkono wa shati hakuugusa, kifua hakukigusa.

Na huyo alikuwa fundi kamili! Dada yake mkubwa ndiye aliyemfundisha, akamkalisha kwenye cherehani miguu haijafika chini vizuri, mpaka akaweza kumpima mtu kwa macho, kukata na kushona gauni zima. Kiwandani aliingia kwa muda tu, mpaka mambo yakae sawa. Mambo hayakukaa sawa, aliyekaa ni yeye. Siku moja alitaka kumkatia mwanawe kaptura nyumbani, akatandaza kitambaa, akashika mkasi, na mkono ukasimama hewani. Hakukumbuka aanzie wapi. Alikunja kile kitambaa akakirudisha kabatini.

Msimamizi wa laini, kijana mmoja, hakuwa mtu mbaya, na mimi simsingizii. Tatizo lake alikuwa na sentensi moja. Ukisogoa na jirani, "Kaa kwenye laini." Ukisema kichwa kinauma, "Pole, kaa kwenye laini." Ukitaka kwenda chooni, kulikuwa na kibao cha mbao kilichotundikwa msumarini karibu na meza yake, kibao kimoja kwa laini nzima. Ukikuta msumari mtupu, unarudi kukaa na haja yako. Madirisha yalikuwa juu sana, yakaonyesha mbingu tu, na mlango ulifunguliwa kengele ikilia.

Jumapili moja dada yake alimtembelea, na hata chai hakuisubiri.

"Mdogo wangu, cherehani moja dukani kwangu imebaki haina mtu. Fundi wangu kaolewa, kahama. Njoo tushone wote."

Bi Kola aliliacha birika jikoni. "Na sisi tutalala wapi, dada?"

"Nyuma ya duka kuna chumba, ila mwenye nyumba bado hajanipa jibu. Atanijibu Ijumaa. Akikubali tu nakupigia, na wewe uniambie papo hapo unakuja au huji. Kuna binti mwingine anaitaka hiyo nafasi, naye ni fundi mzuri. Siwezi kumweka roho juu, na wateja wananisema."

"Nakuja, dada. Hata leo."

"Nakujua. Wewe ni laini mno. Mtu akikusukuma, hata huulizi anakusukumia wapi. Leo unasema unakuja, kesho bosi akikukoholea unabaki. Nataka nikusikie siku yenyewe, chumba kikiwepo."

Sasa shida ilikuwa simu. Laini ya Bi Kola ilikuwa imefungwa kwa kutosajiliwa, na ofisi ya kusajili ilifunguliwa saa zile zile alizokuwa kazini. Vifungo alimchambulia jambo hilo vizuri: ili ufunguliwe laini lazima ukapange laini, na ukienda kupanga laini unafukuzwa laini. Walicheka mpaka msimamizi akageuka. Basi akampa dada yake namba ya simu ya mezani ya getini, na kila asubuhi ya wiki ile alipopita alimkumbusha mlinzi, mzee mmoja asiye na meno waliyemwita Babu Geti.

"Shikamoo babu. Ijumaa, usisahau."

"Marahaba, mwanangu. Nitasahau jina langu kwanza."

Na kweli hakusahau. Ijumaa simu ikalia, dada akasema, "Niitie mdogo wangu yule wa kola, tafadhali. Asiharakishwe, mimi nakaa kwenye laini." Babu Geti akalaza mkonga wa simu mezani, akajikokota hadi mlango wa ukumbi, akaufungua kwa ufunguo wake. Kuingia ndani hakuruhusiwa. Alimwita msimamizi kwa mkono, akamsogezea mdomo sikioni, na mashine zote zikinguruma akapaza sauti:

"Dada yake Bi Kola kapiga! Anakaa kwenye laini!"

Silabi moja ilimezwa na mashine, irabu moja ikapinda. Anakaa ikafika akae. Na yule kijana, ambaye hakuwa na sentensi nyingine kichwani, aliona jambo hilo la kawaida kabisa. Alitembea hadi kwa Bi Kola, akainama.

"Dada yako kapiga simu. Kasema ukae kwenye laini."

Mguu wa Bi Kola ulitoka kwenye pedali. "Kasema hivyo?"

"Ndivyo nilivyoambiwa."

Kwa hiyo chumba hakikupatikana. Alitazama mlangoni. Babu Geti alikuwa anampungia, kiganja kikitazama chini, juu chini, juu chini, kama tunavyomwita mtu. Lakini kwa aliyekwisha kukata tamaa, mkono ule ule husema tulia, mwanangu, tulia. Bi Kola alimwitikia kwa kichwa kumshukuru kwa huruma yake. Mzee akangoja kidogo, akashangaa, akaondoka. Kola iliyofuata aliishona imepinda, akaifumua. Machozi hayakumtoka, maana kola zilikuwa nyeupe na angezitia madoa.

Kengele ilipolia, alipita getini kichwa chini.

"Mwanangu," Babu Geti alimwita, "mbona ulimfanyia dada yako vile? Nakuita, unanitikisia kichwa unaendelea kushona! Alikaa kwenye laini mpaka nikamwonea haya. Mwisho kasema, basi, mwambie nimeelewa."

Bi Kola alisimama pale pale, wenzake wakimpita huku na huku. Kisha akaomba simu.

"Dada, chumba..."

"Kilipatikana." Sauti ya dada yake haikuwa na hasira, na hilo lilimuumiza zaidi. "Nilikungoja. Babu akarudi akasema umemwona, umetikisa kichwa, huji. Binti wa watu nimeshamwambia aje. Analia kwa furaha huko, nitamwambia nini tena?"

"Dada, mimi niliambiwa umesema nikae kwenye laini!"

Dada yake akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. "Mimi ndiye niliyekaa kwenye laini, mdogo wangu. Mimi!"

Bi Kola naye angecheka, maana lilichekesha. Alikuwa na wa kulaumu wengi: mashine, mzee asiye na meno, kijana wa sentensi moja, na Waingereza na neno lao. Alikuwa ameanza kuwataja, mmoja mmoja, dada yake alipomkatiza, polepole.

"Sawa. Ukaambiwa nimesema ukae. Mimi, niliyekuja kwako Jumapili kukuomba utoke. Hukushangaa? Simu ilikuwa pale getini, hukuinuka hata kuniuliza kwa nini?"

Kuuliza si ujinga, wahenga walisema, na yeye alilijua hilo tangu utotoni. Alifungua mdomo ataje kibao cha chooni, ataje mlango na kengele. Halafu akakumbuka kwamba wakati ule mlango ulikuwa wazi, kibao kilikuwa msumarini, alikiona, na hakuna aliyemshika bega.

"Nilikaa tu, dada," alisema.