Watu Hawahesabiwi Kama Nazi

Siku moja ya ujana wangu, mwanangu, haijanitoka kichwani hadi leo, ingawa mengine mengi yamekwisha kunitoka, hata mahali nilipoiweka miwani yangu asubuhi hii. Nilikuwa nimekaa juu ya sanduku la mafuta ya taa, pale njia ya kijiji cha Kwamkulo inapoiacha barabara ya Pangani. Kofia ya kaki kichwani, daftari magotini, kalamu ya risasi nyuma ya sikio. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, na nilijiona mimi ndiye serikali yenyewe.

Miaka hiyo ya hamsini nilikuwa karani mdogo katika ofisi ya barabara, Tanga mjini. Ninyi wa leo mnapanda basi, mnalala, mnaamkia mnakokwenda, wala hamjiulizi kwa nini barabara hii ina lami na ile ina mashimo. Basi nikueleze. Barabara zina vyeo kama watu walivyo na vyeo. Ipo barabara kuu, inayounganisha jimbo na jimbo. Hiyo ina namba yake, na kwenye ramani ya ofisi ilichorwa kwa mstari mwekundu mnene. Ipo barabara ya wilaya, mstari mwembamba, nayo ina namba. Na chini kabisa ipo njia ya kijiji, haina namba, imechorwa kwa nukta nukta kama kuku kapita na miguu ya wino. Mstari mnene ulipata lami na daraja la zege. Mwembamba ulipata changarawe, mitaro, makalavati ya kupitisha maji, na kikosi cha watu wa kufyeka majani na kufukia mashimo. Nukta nukta zilipata dua.

Cheo hicho kilitolewa kwa hesabu. Karani alikaa njiani siku saba, tangu jua kuchomoza hadi kuzama, akipiga vijiti daftarini: lori ngapi zimepita, mikokoteni mingapi, baiskeli ngapi, waenda kwa miguu wangapi. Njia ya Kwamkulo wakati huo ilikuwa ya wilaya. Lakini mwaka ule ofisi ilikuwa inapanga orodha yake upya, na daraja la magogo katika kijito cha njia ile lilikuwa limeoza. Hesabu yangu mimi ndiyo ingeamua kama litajengwa jipya, au njia nzima itashushwa cheo na kuachwa.

Sasa sikiliza kosa langu, na usicheke mapema. Sikupiga hodi. Wewe unajua, kwetu pwani mgeni akiingia mji wa watu huanzia kwa jumbe, mkuu wa kijiji. Hutoa salamu, hunywa maji, hueleza kilichomleta, ndipo huendelea na shughuli zake. Mimi nilijiambia kwamba kazi yangu iko barabarani, haiko barazani kwa mtu. Nikatua sanduku langu njia panda nikakaa.

Asubuhi ya kwanza alipita mama mmoja na kapu la machungwa kichwani, akienda kungoja lori. Akaniona nikipiga kijiti. Akasimama.

"Mwanangu, waandika nini hapo?"

Sikumwamkia, wala sikuinua macho. "Nahesabu watu," nikamjibu.

 Aligeuka na kapu lake, akarudi alikotoka. Nikadhani amesahau kitu nyumbani.

Siku ya pili walipita wachache. Ya tatu, baiskeli moja na mbuzi wawili wasio na mchungaji. Kuanzia ya nne, njia ikawa nyeupe. Na mimi, mwanangu, nilifurahi. Kazi gani tamu kama hii, mtu analipwa kwa kutazama nyasi! Siku ya sita kulikuwa na dansa Ngamiani, na nilikuwa na shati jipya. Mchana nikafunga daftari, nikadandia lori kurudi mjini. Siku ya saba niliijaza nikiwa nimekaa kitandani kwangu, nikaandika sifuri na sifuri, roho kunjufu kabisa.

Orodha mpya ikatoka kabla ya masika. Kwamkulo ilikuwa imeshuka kwenye nukta nukta. Daraja lisijengwe, kikosi kivunjwe. Na kwa kuwa Mungu ana namna zake za kumfundisha mtu, barua ya habari hiyo nilipewa niipeleke mimi mwenyewe.

Aliyekuwa aipokee ni Mzee Mhina, mnyapara wa kikosi cha njia ile. Alikuwa Mbondei mwenye mvi, mfupi, mikono yake migumu kwa jembe. Njia ile ameitunza tangu mimi sijazaliwa. Wiki ya hesabu yangu hakuwapo, alikuwa kwao Muheza kwenye msiba. Nilimkuta anazibua mtaro. Safari hii niliamkia, maana barua mbaya humtia mtu adabu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, bwana karani. Nisomee, macho yangu hayaoni vizuri."

Nikamsomea.  Nilitegemea atanifokea, na laiti angenifokea. Akatia jembe begani, akaniambia, "Twende ukaone kitu."

Akanipitisha nyuma ya mashamba ya minazi, tukachepuka kwenye ukingo wa shamba la mkonge. Hapo nikaona njia nyembamba iliyokanyagwa mpaka udongo wake ukang'aa. Alama za matairi ya baiskeli zimepandana. Maganda ya machungwa kila mahali. Mahali pamoja pamepindika vibaya kuelekea korongoni, na mzee akanionyesha palipomwangusha kijana na baiskeli yake, akavunjika mkono.

"Wiki uliyokaa pale na kitabu chako, kijiji kizima kilipita huku," alisema. "Wamezunguka mwendo mrefu na mizigo vichwani, wakakukimbia wewe. Habari ilienea siku ile ile ya kwanza. Kuna mtu njia panda anahesabu watu, hakupiga hodi, hakusema ametumwa na nani. Bakari, wewe ni mtoto wa pwani. Bibi yako hakukwambia kwamba binadamu hahesabiwi kama nazi?"

Alikuwa ameniambia, mwanangu. Bibi yangu mzaa mama, ukimuuliza ana wajukuu wangapi, hakutaja idadi hata siku moja. Alisema, "Wapo, Mungu awaweke." Kuwahesabu watu wa mtu ni kuwatafutia jicho la husuda, ni kama kuwaambia wapungue. Nililijua jambo hilo tangu nanyonya. Kofia ya kaki ndiyo iliyonisahaulisha.

"Ungekwenda kwa jumbe tu," mzee akaendelea, sasa kwa upole, na upole wake ndio ulioniliza. "Ungesema nia yako. Watu wangekuletea hata maji ya kunywa. Kuuliza si ujinga, na hodi haipunguzi cheo. Sasa nenda kaseme ukweli huko ofisini, mimi siwezi kukusemea."

Nililala siku tatu na ukweli huo tumboni. Kusema kwamba hesabu ni mbovu kungekuwa kusema pia kwamba siku ya saba sikuwapo. Siku ya nne nikaingia kwa bwana mkubwa, Mzungu mmoja mrefu asiyependa maneno mengi, nikasema yote, hata la shati na dansa. Hakunifukuza. Alisema orodha imekwisha kuchapwa na haitabadilika mwaka ule, na hesabu itarudiwa baada ya mvua. Kisha akanyoosha mkono, nikampa kalamu yangu, naye akanipa karatasi ya kuchukulia sururu. Nikaenda kuvunja mawe barabara ya Pangani pamoja na vibarua niliokuwa nikiwaandika majina.

Maji yakimwagika hayazoleki. Kikosi cha Kwamkulo kilivunjwa. Lakini Mzee Mhina hakuweka jembe chini. Aliendelea kuzibua mitaro yake bila ujira, peke yake, akisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kila Jumapili nilikwenda kumsaidia. Hakunialika, wala hakunifukuza. Alinionyesha tu pa kuanzia.

Masika yakaja, na wiki ya pili daraja likachukuliwa na maji. Jumapili moja tulikuwa pale kijitoni tukitazama magogo yaliyobaki, tukasikia watu wanakuja mbio. Walikuwa wamebeba kitanda cha kamba, na juu yake binti aitwaye Mwanaidi. Uchungu ulikuwa umemshika tangu alfajiri ya jana yake, mkunga ameshindwa, na zahanati iko Pangani, ng'ambo ya maji yale. Lori lingeweza kufika mlangoni kwao kama daraja lingekuwapo. Nilikuwa nalijua hilo kuliko mtu yeyote pale.

Nilishika mguu mmoja wa kitanda. Tuliingia wanaume wanne, maji yakatufika kifuani, kitanda tumekiinua juu ya vichwa. Mzee Mhina alitangulia na fimbo akipima kina. Mwanaidi hakulia. Alikuwa akisema polepole, "Msiniangushe, kaka zangu. Msiniangushe." Nimesikia mengi katika maisha yangu, lakini neno hilo bado linaniamsha. Nilimwomba Mungu, kama lazima mtu azame, basi nizame mimi, maana kijito kile nilikijaza mimi kwa kalamu.

Tulivuka. Barabarani tukapata lori la mkonge, dereva akamwaga mzigo wake kando bila kuulizwa mara mbili. Jioni habari ikarudi: mtoto wa kiume, na mama mzima. Nilikaa chini kwenye tope nikalia kama mtoto mdogo, na Mzee Mhina akajifanya hanioni.

Mvua zilipokatika, bwana mkubwa aliniita, akanirudishia kalamu kwa siku saba tu. "Wewe uliyeiharibu ukaitengeneze," alisema. Safari hii nilianzia kwa jumbe. Nilivua viatu, nikakaa mkekani, nikanywa maji niliyopewa, nikaeleza. Nikakiri kosa langu mbele ya wazee. Jumbe, mtu wa utani, akasema, "Basi wewe usihesabu watu. Weka kapu hapo njiani. Kila apitaye kwa miguu atatupa kokoto moja. Jioni wewe hesabu kokoto zako, mawe hayapatwi na husuda." Wazee wakacheka, nami nikacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ya barua.

Ndivyo ilivyokuwa. Baiskeli na mikokoteni niliandika kwa kalamu, maana chuma hakina mama. Watu walitupa kokoto. Walipita wengi mpaka kapu la kwanza likakatika mshikio. Watoto walitaka kupita mara kumi kumi kwa raha ya kutupa, ikabidi Mzee Mhina awafukuze kwa fimbo, kwa sababu hesabu ya uongo sikuitaka tena hata kama ingetufaa.

Siku ya saba, wakati najiandaa kufunga, akaja Mwanaidi, mtoto mgongoni. Alisimama mbele ya kapu, akainama, akaokota kokoto mbili. Akatupa zote mbili.

Nikasema, "Dada, mtu mmoja, kokoto moja."

Akageuka kidogo ili nione mgongo wake. "Na huyu? Huyu kapita hapa kabla hajazaliwa, tena wewe ulimbeba. Au leo pia humwoni?"

Nikaziacha kokoto zote mbili kapuni. Mtoto yule akawa ananitazama kwa macho makubwa bila kupepesa.

Njia ya Kwamkulo ilirudi kwenye mstari mwembamba. Ikapewa namba, ikamwagiwa changarawe, na kijito kikawekewa kalavati la mawe na saruji. Wataalamu walikuja na vipimo vyao, na nilisikia wakisifiana kana kwamba wao ndio walioirudisha njia ile. Sikuona ubaya. Mzee Mhina alirudishiwa kikosi chake, nami nikiwamo, akanikemea siku hiyo hiyo kwa kushika toroli vibaya.

Sasa nasaha yangu, mwanangu, na ndiyo sababu ya maneno yote haya. Wewe unakwenda kuanza kazi. Utapewa meza, huenda na mashine ya kuandikia, na karatasi zenye majina ya mahali usipopajua. Ukiona sifuri kwenye karatasi, usiamini kwamba hakuna watu. Inuka uende. Piga hodi, amkia, eleza nia yako, kisha uulize wanapita wapi, na kwa nini. Wenye shida hawapiti kila mara pale ulipoketi wewe kuwangojea. Na siku usiyokuwapo kazini, andika kwamba hukuwapo. Aibu ya siku moja haiui. Ukikosea, nenda ukaseme mwenyewe kabla hujatafutwa, halafu ushike jembe. Samahani ya mdomo peke yake haifukii shimo. Na usimdharau mtu kwa sababu njia ya kwao haina namba. Majuto ni mjukuu, nami huyu mjukuu nimemlea miaka mingi, najua anavyolia.

Nenda, mwanangu. Mungu akuongoze mguu wako mbele na akulinde nyuma, akupe wakubwa wa kukurudi kwa upole na wadogo wasiokuogopa, akuvushe kila maji utakayoyakuta salama usalimini, wewe na utakaowabeba. Amina, na amina tena.