Makohozi Mbele ya Mkwe

Nyongesa alikuwa fundi wa mageti kule Bwaise, mtaa wa bondeni, mtu wa Bungoma aliyevuka mpaka vita vilipokwisha, akaja kuchomelea vyuma katika mji uliokuwa umebaki bila milango. Kazi haikumpungukia. Kila aliyenusurika alitaka geti, na Bwaise kwenyewe kila aliyetaka geti alitaka na kizingiti kirefu cha saruji, maana mvua ikinyesha huko maji huingia bila kubisha hodi. Alikuwa fundi mzuri na mtu wa adabu. Ile adabu ndiyo iliyomponza.

Mwaka 1998 alikohoa miezi mitatu akisingizia moshi wa kuchomelea. Alipotema damu, mkewe Nakhisa, mwenye mimba ya miezi minane, alimfikisha hospitali kwa ulimi tu. Kikawa kifua kikuu. Akatengwa katika wadi ya juu kilimani, jengo lenye madirisha mengi kuliko kuta, pamoja na wanaume tisa waliokohoa kwa zamu kama wanaitikia wimbo.

Kutoka humo kulikuwa na njia moja tu, nayo ni makohozi. Makohozi ya asubuhi, kabla ya chai, yaliyotoka kifuani na si mdomoni, yalikwenda maabara yakatazamwa kwa darubini. Yakiwa safi wiki mbili mfululizo, unapewa karatasi, unakwenda kwako. Nyongesa alipomwambia daktari kwamba yeye sasa anajisikia vizuri, anakula, na suruali inambana, daktari alimjibu kwamba suruali haipimwi.

Nakhisa akajifungua wiki ya tatu. Mtoto wa kike. Kila Jumapili alisimama ng'ambo ya barabara, nje ya ua, akainua kitu kilichofungwa kwenye shali ya njano. "Mzuri sana!" Nyongesa alipiga kelele kutoka huku, kuhusu shali. Alitaka kumshika mtoto wake. Hakuwa na shida nyingine duniani, na alisema hivyo kwa yeyote aliyemsikiliza, hata kwa waliokuwa wamelala.

Sasa, aliyekusanya makohozi ni mama mmoja wa makamo, Nafuna, msaidizi wa maabara, mtu wa upande wa Mbale. Alikuwa amekwisha kuona hila zote za wagonjwa. Kwa hiyo kila Jumatano aliwapanga uani penye upepo, kila mtu na kikopo chake kimeandikwa namba, akasimama kando na kutazama.

"Kohoa hapa, mi naona na macho," alisema. "Hapana letea mimi mate. Mate mi niko nayo yangu."

Nyongesa alikohoa vizuri tu mbele yake wiki tatu. Wiki ya nne, kikopo mkononi, wakaanza kusalimiana kama watu wa mlima mmoja wanavyosalimiana, yaani kwa kuulizana koo.

"Bibi yako anatoka wapi?"

"Kimilili. Lakini mama yake ni wa kwenu, upande huu wa mlima."

"Mutoto ya nani?"

Nyongesa akamtaja babu yake Nakhisa, baba wa huyo mama. Nafuna akafunika mdomo kwa kiganja. Akavuta kitambaa cha kichwa mpaka usoni, akarudi kinyumenyume hadi akagonga tangi la maji. Yule babu alikuwa ndugu wa baba yake Nafuna. Mama aliyemzaa Nakhisa alikuwa dada yake kwa ukoo, na Nafuna basi alikuwa mama mkwe.

Kwa watu wa mlima ule, Bungoma na Mbale, mama mkwe si mchezo. Humpi mkono, huli naye, na mkikutana njiani mmoja wenu huingia kichakani. Hospitali haikuwa na vichaka. Nyongesa alijificha nyuma ya milango. Siku moja alikaa chooni karibu saa nzima kwa sababu Nafuna alikuwa akizungumza na nesi kwenye ujia.

Lakini Jumatano ilikuja pale pale. Nafuna, kwa heshima, akamruhusu yeye peke yake akakohoe nyuma ya tangi. Ni heshima iliyotoboa sheria yake mwenyewe, na hakuna aliyeliona tundu. Nyuma ya tangi Nyongesa akafungua kinywa, akakumbuka kwamba mkwe hamwoni lakini anamsikia, akatema mate taratibu kama mtu anayenong'ona. Karatasi ikarudi: "Mate. Rudia." Wiki iliyofuata: "Mate. Rudia." Waswahili husema mficha uchi hazai. Huyu alikuwa amekwisha kuzaa na bado anaficha.

Ndipo akamwomba Mumbere. Mumbere alikuwa jirani yake wa kitanda, fundi cherehani kutoka Butembo, mtu mwenye huruma kupita kiasi. Kipimo chake cha kwanza kilikuwa kimekuja kibaya, lakini sasa alikuwa anapona upesi. Nyongesa aliomba jambo moja tu: Mumbere amchukulie kikopo kutoka nyuma ya tangi na kumkabidhi Nafuna.

Wiki ya nane karatasi ikarudi: "Hakuna kilichoonekana." Wiki ya tisa vivyo hivyo. Mumbere naye akapata zake mbili. Jumapili wote wawili wakafunga mabegi. Nyongesa alinyoa ndevu, akawaaga wanane waliobaki, akashuka kuelekea getini akiwa amefurahi kiasi kwamba hata bawaba zile, zilizochomelewa na mtu asiye na haya, hakuzisema vibaya.

Nakhisa alikuwa amesimama pale na shali ya njano.

"Kaka," Mumbere akamwambia pembeni, uso umejaa wema, "nilikusaidia, ujue. Wewe ulikuwa unatoa maji tu. Ukishaondoka, mi nikayamwanga kule nyuma ya tangi, nikakohoa mu yako na mu yangu. Niliona mutoto anakungoja."

Nyongesa alisimama. "Mara ngapi?"

"Yote mbili."

Nakhisa alikwisha kufika. "Baba wa mtoto, mshike," akasema, akamnyoshea.

Kwa mara ya kwanza Nyongesa aliona kwamba ndani ya shali kuna pua. Kulikuwa na pua, na ngumi moja ndogo nje. Karatasi ilikuwa mfukoni mwake, imegongwa muhuri. Aliyejua ni Mumbere, na Mumbere alikuwa anatabasamu. Mikono ya Nyongesa ilipanda yenyewe mpaka kifuani, kisha akaipeleka nyuma ya mgongo na kuishikanisha huko.

"Bado," akasema.

"Bado nini? Si umepewa karatasi?"

"Rudi nyuma, mama. Rudi ng'ambo ya barabara." Alikuwa analia, na hakujisumbua kuficha.

Akapanda kilima na begi lake. Nafuna alikuwa mlangoni pa maabara, na alipomwona akageuka ili aingie ndani.

"Mama, usiingie," Nyongesa alisema. Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwake baada ya wiki tano. "Yale makohozi hayakuwa yangu. Nipe kikopo."

Nafuna alisimama amempa mgongo. Kisha akaingia, akatoka na kikopo, akakiweka chini kati yao.

"Mkwe wangu," akasema, na safari hii aligeuka akamtazama usoni, kitambaa amekisukuma nyuma. "Mi ndio nilikosea kukuacha nyuma ya tangi. Kohoa. Mlima iko mbali."

Nyongesa akakohoa. Alikohoa mbele ya mama mkwe kwa sauti yote, ameinama, mishipa ya shingo imemtoka, mpaka kikatoka kitu kizito cha kijani. Naye mama mkwe akakiinua kikopo kwenye mwanga, akakikagua, akasema, "Hii sasa ni makohozi."

Karatasi ikarudi: "Vimeonekana." Vijidudu, tena vingi. Daktari akabadilisha dawa, na Nyongesa akakaa miezi miwili na nusu zaidi. Kila Jumatano alikohoa kwenye mstari pamoja na wengine, Nafuna akitazama, na mara tu kikopo kilipofunikwa wote wawili walikimbiana kama desturi inavyotaka.

Siku aliyotoka, mtoto alikuwa anashikilia shingo mwenyewe, na shali ya njano haimtoshi tena. Nakhisa aliingia mpaka uani, akamweka mikononi mwake. Mtoto akamtazama, akaona mwanaume asiyemjua, akapiga yowe lililosikika mpaka wadini. Nyongesa hakujua afanye nini na miguu ile inayopiga mateke.

"Muweke begani," sauti ya mwanamke ikasema kutoka nyuma ya tangi.

Nyongesa hakugeuka kutazama. Alimweka begani.