Nilivyowapachika Wakwe Zangu Majina

Jamani, msinicheke kabla sijamaliza, maana aibu niliyoipata siku wakwe walipokuja kuniona pale kwetu Shinyanga mjini, hata leo nikiikumbuka niko peke yangu jikoni najikuta nimejifunika uso kwa kanga. Ilikuwa miaka ya sabini, ndiyo kwanza nimetoka chuo cha ualimu, kichwa kimejaa saikolojia (mnajua mtu akitoka chuo anavyosumbua). Mkufunzi wetu alitufundisha kwamba akili ya mtu inapokea mambo, inayapanga, inayahifadhi, halafu inayatoa, na kwamba jina gumu ukilishikiza kwenye picha halikutoki tena, na picha ikizidi kuchekesha ndivyo inavyozidi kunasa.

Basi, mchumba wangu Juma alikuwa Msumbwa wa Ushetu, kwao wakulima wa tumbaku, na ingawa ni Waislamu majina ya asili hawakuyaacha. Nikamwomba anitajie wanaokuja. Baba yake, Mzee Budeba. Shangazi yake, Limi. Bibi yake, Mbuke. Mama akaniambia, "Zaituni, wewe piga magoti, sema shikamoo, basi. Wakwe hawaitwi majina." Nikajisemea, mama hajasoma saikolojia. Nikaenda kujipangia picha zangu: Budeba nikamvika debe la mafuta ya taa kichwani, Limi nikamtoa ulimi mpaka kifuani, na bibi wa watu, Mungu anisamehe, nikamfananisha na panya buku.

Wakaja. Sebule imejaa, wajomba zangu wamo, majirani wamo, pilau inanukia, nami naingia na sinia la chai. Nikapiga magoti mbele ya baba mkwe, nikafungua mdomo, jina halipo! Debe lipo, tena linang'aa.

"Shikamoo, Mzee Debe."

"Marahaba," akasema polepole, kisha akamtazama mwanawe. Hapo mtu mwenye akili timamu angeweka sinia chini akatoka, lakini mimi nikaona nifunike kosa haraka, nikamgeukia shangazi kwa tabasamu la meno yote: "Karibu sana, Shangazi Ulimi."

Kumbe (na hili Juma hakuniambia) shangazi kweli alikuwa na ulimi, ukoo mzima ulimwogopa, ila hakuna aliyethubutu kumwambia. Akasimama wima.

"Juma! Ndivyo mnavyoniita huku mjini?"

"Wallahi shangazi, sijasema kitu!" Na kadiri alivyoapa ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Shangazi akavuta mtandio wake, akatangaza kwamba hapa hakuna ndoa tena, watu wanyanyuke. Mama yangu kajishika kichwa. Mimi kwa kiwewe nikamkimbilia bibi, nikatua sinia mkekani, nikamshika miguu: "Bibi Buku, nisaidie!"

Bibi akainama kunitazama. "Buku? Yule panya?"

Nami, mwalimu mzima mwenye cheti, nikajibu, "Ndiyo, bibi."

Bibi aliangua kicheko mpaka chai ikamwagikia mkeka. "Mayu, mama yangu! Limi, kaa chini. Mimi nimeitwa panya na nimetulia, wewe ulimi tu unataka kuondoka?" Mzee Budeba akaanza kutikisika mabega, wajomba wakafuata, nami nikaeleza habari za picha huku kamasi na machozi vinanitoka pamoja.

Shangazi alikaa, ila chai yangu hakuigusa. Ndoa ilifungwa, lakini siku ya harusi aliniketisha mbele ya wanawake wote, akasema, "Haya mwalimu, mimi naitwa nani?" Hofu ikanirudia, nikababaika, akanirudisha upya, na kila nikikosea wananipigia vigelegele, mpaka Limi likatoka bila ulimi.

Baadaye na mimi nikawa mkufunzi, na somo lile nimelifundisha miaka mingi. Nikifika kwenye picha nawaambia wanachuo kwamba mbinu hii inafanya kazi, tena sana, ila mtu asije akaijaribu kwa wakwe.